Biskuti za Krismasi na Fukuto la Dar: Nini Hasa Huharibika

Biskuti ya sikukuu iliyopambwa inaweza kuharibika mara tatu: ndani ya oveni, mezani wakati aisingi, yaani sukari ya kupambia juu, inakauka, na ndani ya kopo kazi ikishaisha. Kila mara sababu ni nyingine. Kinachowachanganya waokaji wengi wa Dar es Salaam ni kwamba dawa ya tatizo la kwanza huwa sumu kwa tatizo la pili. Friji iliyookoa donge asubuhi ndiyo hiyohiyo inayoharibu rangi jioni. Mtu akiambiwa tu "weka kwenye friji", bila kuambiwa lini wala kwa nini, atafuata ushauri mzuri na bado atatoa nyota zilizogeuka chapati, au Baba Krismasi ambaye koti lake jekundu limevujia ndevu.

Resipe nyingi tunazozipata mtandaoni zimetoka nchi ambako Desemba ni baridi. Ujerumani ndiko kwenye mizizi mirefu ya biskuti hizi, na mji wa Nürnberg umejulikana kwa karne nyingi kwa mikate yake midogo ya asali na viungo. Kule, hewa ya nje wakati wa baridi haibebi maji mengi, na ikiingia ndani ya nyumba ikapashwa moto inazidi kuwa kavu. Jiko la namna hiyo linakausha chochote unachoacha mezani. Tena viungo vinavyozipa biskuti hizo harufu ya "Krismasi ya theluji", karafuu, mdalasini, iliki na tangawizi, vyote ni mazao ya nchi za joto. Harufu ilitoka kwetu ikaenda kwao, na resipe ikarudi imevaa koti.

Resipe hiyo ikisema "siagi iwe na joto la chumba", inamaanisha nyuzi 18 hadi 21 hivi za Selsiasi. Desemba ya Dar mchana hufika nyuzi 31 au 32, na usiku haishuki sana chini ya 24. Siagi huyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35. Kwa hiyo siagi iliyoachwa mezani Tabata saa saba mchana imeshapita kuwa laini na inakaribia kuwa mafuta. Mwokaji hajakosea neno lolote la resipe. Ni chumba tu ambacho si kile alichokuwa nacho kichwani aliyeiandika.

Kwa nini nyota hupoteza pembe

Ndani ya oveni kuna mashindano. Upande mmoja, mafuta yanayeyuka na sukari inageuka majimaji, donge linalegea na kutaka kutambaa. Upande wa pili, yai na unga vinataka kuganda na kushika umbo. Mafuta huanza kuachia kwenye nyuzi 35 hivi. Yai huganda kati ya nyuzi 60 na 80. Katikati hapo biskuti haina mtetezi. Kadiri inavyokaa muda mrefu ndani ya pengo hilo, ndivyo inavyosambaa.

Ukilielewa hili, ushauri mwingi unaosikika kama mila za wapishi unapata maana. Donge lililotoka kwenye friji likiwa na nyuzi 4 au 5 huingia mashindanoni na akiba: tabaka la nje linaanza kushika wakati mafuta ya ndani bado yamekaza. Donge lenye nyuzi 30 halina akiba yoyote, limeingia uwanjani mafuta yakiwa tayari yamekata tamaa.

Ila muda wa kulipoza ni suala ambalo wengi hulikosea. Kupoza donge zima kisha kulisukuma na kulikata kwenye meza yenye joto ni kazi bure, kwa sababu dakika kumi za kusukuma katika jiko la Dar zinarudisha joto lote. Sukuma donge likiwa bado laini, katikati ya karatasi mbili za kuokea, kisha lipoze likiwa limeshakuwa bapa. Kata maumbo, yapange kwenye trei, halafu rudisha trei nzima kwenye friza kwa dakika 15 au 20, itoke humo moja kwa moja hadi ndani ya oveni. Friza ndogo isiyoingiza trei? Tumia kifuniko cha sufuria kilicho bapa, au kata vipande vichache kwa zamu. Na trei iliyotoka motoni isipokee awamu ya pili kabla haijapoa kabisa. Trei ya moto huyeyusha chini ya biskuti kabla oveni haijafanya lolote. Imwagie maji upande wa nyuma, ifute, endelea.

Mafuta yenyewe pia si mamoja. Siagi halisi ina mafuta kama asilimia 80 na maji karibu asilimia 16. Majarini za kupaka mkate hutofautiana sana: nyingine zina maji mengi kuliko unavyodhani, na maji hayo hufanya sukari iyeyuke mapema na unga unate. Soma kopo. Kama asilimia ya mafuta iko mbali chini ya 80, hiyo ni ya mkate. Kwa biskuti za kukata kwa vikatio mimi nachagua siagi kwa sababu ya ladha, lakini sitamcheka anayechanganya nusu siagi na nusu majarini ngumu ya kuokea. Majarini za aina hiyo hutengenezwa zistahimili joto zaidi ya siagi, na katika Desemba ya hapa ustahimilivu huo ni mali.

Halafu kuna beking pauda. Watu huiongeza wakidhani biskuti itakuwa nyepesi. Kwa biskuti ya kula tu, sawa. Kwa biskuti yenye umbo la kulungu mwenye pembe nyembamba, kila puto la hewa linasukuma ukingo nje na kuacha uso wenye mawimbi, na aisingi haitakaa vizuri juu yake. Uwiano unaotumiwa na waokaji wengi wa biskuti za kupamba ni unga gramu 400, siagi gramu 200, sukari gramu 200 na yai moja, bila kichachushio chochote. Hapa Dar naona ni busara kuteremsha sukari hadi gramu 160 au 170, maana sukari iliyoyeyuka ni ujimaji, na aisingi ya juu italeta utamu wake mwenyewe. Tumia sukari laini. Ile yenye chembe kubwa hukwaruza donge na kuacha kingo zilizochanika unapokata.

Umeona nimeandika gramu. Kikombe cha Kimarekani cha unga uliomiminwa taratibu ni kama gramu 120 hadi 125; unga huohuo ukichotwa kwa kukandamiza unafika 150 na zaidi. Sasa weka kikombe cha chai cha nyumbani, ambacho kila kabati lina saizi yake, na utaona jinsi dada wawili wa nyumba moja wanavyoweza kufuata resipe moja na kupata biskuti mbili zisizofanana. Mizani ndogo ya jikoni inamaliza ubishi huo.

Jambo la oveni yenyewe linastahili onyo moja kubwa. Resipe ya Marekani ikisema 350, hizo ni Farenhaiti, sawa na nyuzi 177 za Selsiasi. Oveni nyingi za gesi hapa mjini zina kitufe kinachoishia 250 au kidogo zaidi, na mtu asiyejua hukizungusha hadi mwisho akidhani bado hajafika. Matokeo ni weusi chini na ubichi katikati.

Hata ukiweka namba sahihi, kitufe kinaweza kudanganya. Kipimo cha joto cha kuweka ndani ya oveni ni jibu zuri, lakini kuna njia ya bei rahisi: sukari nyeupe huyeyuka karibu na nyuzi 186. Weka kijiko kimoja kwenye kipande cha karatasi ya foili, washa oveni kwenye 175, subiri ipate moto, acha dakika 15. Sukari ikibaki chembechembe, oveni haijapitiliza. Ikiyeyuka, inapika kwa ukali kuliko inavyosema. Kisha pandisha hadi 190 na urudie. Hapo inapaswa kuyeyuka. Isipoyeyuka, oveni yako ni baridi kuliko kitufe, na biskuti zako zimekuwa zikitambaa kwa sababu zinakaa muda mrefu ndani ya lile pengo.

Wanaooka kwa mkaa, sufuria ndani ya sufuria na mchanga chini, wana changamoto yao. Moto wa chini hutawala. Weka makaa mengi juu ya kifuniko kuliko chini, acha mchanga upate moto kwanza, na chagua maumbo mafupi manene: moyo, duara, kengele. Nyota yenye miguu myembamba itaungua ncha kabla tumbo halijaiva.

Aisingi isiyokauka

Hapa ndipo machozi yalipo. Biskuti zimetoka vizuri, kingo zimenyooka, zimepoa. Unachora, unajaza rangi, unalala. Asubuhi unagusa, kidole kinazama.

Aisingi ngumu ya kuchorea ni ute wa yai na sukari ya unga, ute wa yai moja kwa gramu 200 hadi 250 za sukari. Haigandi kwa moto wala kwa baridi. Inakauka kwa njia moja tu, maji yake kwenda hewani. Na hewa ikiwa imeshajaa maji, kama ilivyo usiku wa Desemba baada ya mvua ya vuli, inakataa wageni. Hakuna kiasi cha subira kitakachobadilisha hilo. Lazima ubadilishe hewa.

Kosa la kwanza ni kuziacha biskuti jikoni. Mtu anachora huku maharage yanachemka pembeni. Mvuke wa sufuria kila mtu anauona, lakini gesi yenyewe ikiungua hutengeneza maji. Kilo moja ya gesi ya mtungi ikiisha kuungua, imetoa hewani mvuke wa maji zaidi ya kilo moja na nusu. Umeoka mchana kutwa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi na nzi, kisha unashangaa aisingi imelegea. Zihamishe. Chumba cha kulala chenye kiyoyozi ni bora kuliko jiko zuri kuliko yote, maana kiyoyozi hakipozi tu, kinanyonya maji hewani. Yale matone yanayodondoka nje ukutani ndiyo maji ambayo yangebaki juu ya biskuti zako. Huna kiyoyozi? Feni. Haikaushi hewa ya chumba, lakini inaondoa lile tabaka la unyevu linaloganda juu ya aisingi na kuleta hewa nyingine. Ielekeze moja kwa moja kwenye trei, kwa kasi ya kati, saa mbili za kwanza hasa. Uso ukishika haraka, unabaki na mng'ao na hauzami vishimo.

Vishimo hivyo, hasa kwenye sehemu ndogo kama pua au kifungo cha koti, hutokea aisingi nyepesi inapochelewa kukauka ikajikunja ndani. Iwe nzito kiasi. Pitisha kisu juu yake, uhesabu: mstari ukipotea baada ya sekunde 10 hadi 15, inafaa kujazia. Ukipotea kabla ya tano, ongeza sukari.

Angalia pia resipe inayokuambia uongeze gliserini, asali au sharubati ya glukosi ili aisingi "isiwe ngumu sana". Huko zilikotoka, tatizo lao ni aisingi kuvunja meno. Vitu hivyo vinashika maji. Dar vinashika maji mengi. Viache. Sukari ya kawaida inaweza kuvumilia hewa yenye unyevu wa hadi karibu asilimia 85 kabla haijaanza kuloa na kuyeyuka yenyewe. Sukari ya matunda, ambayo asali imejaa, huanza kwenye asilimia 62 hivi. Asilimia 62 hapa mjini ni mchana wenye nafuu.

Kuhusu ute mbichi: unaweza kubeba bakteria wa salmonela, na matone ya limau hayawaui, yanasaidia povu tu. Kama biskuti zinakwenda kwa watoto wadogo, wajawazito au wagonjwa, tafuta ute wa unga uliotibiwa kwa joto, unaopatikana kwenye maduka ya vifaa vya keki. Unga huo una faida nyingine: unaamua mwenyewe kiasi cha maji.

Rangi kuvuja na madoa ya mafuta

Nyekundu ikivujia nyeupe, chanzo ni kilekile cha maji kukaa muda mrefu. Rangi inaogelea kutoka upande ulio nao mwingi kwenda upande usio nao hadi aisingi ikauke. Basi jaza nyekundu kwanza, iache usiku mzima chini ya feni, ndipo uweke nyeupe. Tumia rangi nzito ya jeli badala ya ile ya majimaji ya chupa ndogo, na usisake wekundu wote siku hiyohiyo: rangi hukolea inavyokauka. Ikiwa nyekundu ya waridi iliyokolea jioni, asubuhi itakuwa imekolea zaidi.

Madoa ya manjano yanayotokea siku ya pili kwenye aisingi nyeupe ni kitu kingine kabisa. Hayo ni mafuta. Siagi ya ndani ya biskuti imelainika kwa joto na kupanda juu. Kila sababu iliyofanya nyota isambae inafanya madoa pia, na tiba yake iko nyuma kabisa: mafuta machache, biskuti iliyoiva hadi kingo zikapata rangi, na kupozwa kabisa kabla ya kupambwa. Ukiliona doa ni kuchelewa. Funika kwa ua la rangi nyeusi zaidi, uendelee na maisha.

Na sasa friji. Kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi 24 hivi kikitolewa kwenye hewa ya usiku wa Dar hupata umande juu yake, kama chupa ya soda. Biskuti iliyopambwa ikitoka kwenye friji inaloa dakika hiyohiyo: aisingi inanata, rangi zinaingiana, na kazi ya usiku mzima inakwenda. Donge lina faida na baridi kwa kuwa linaingia motoni. Biskuti iliyochorwa haina pa kwenda.

Krismasi haihami, na hilo ndilo bahati yake mbaya. Idi husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Idi el-Fitri ya 2025 iliangukia mwishoni mwa Machi, masika yananukia, lakini kuna miaka ambayo sikukuu huangukia kipupwe, Julai, usiku wa nyuzi 19 na upepo mkavu kidogo. Mwenye kuoka kwa ajili ya sikukuu zote mbili atakuambia Julai anachora maua bila feni.

Ndiyo maana naheshimu sana vileja na nankatai, biskuti za pwani. Vileja ni unga wa mchele, samli, sukari na iliki. Samli haina maji karibu kabisa, na unga wa mchele hauvutiki, kwa hiyo hakuna umbo linalojikunja. Nankatai inaruhusiwa kusambaa na kupasuka uso. Mpasuko wenyewe ndio urembo. Mapambo ni alama ya uma, kibonyezo, au nukta ya rangi. Watu wa pwani waliacha kugombana na hewa zamani. Anayetaka biskuti za Krismasi zenye sura bila mateso ya aisingi anaweza kufanya vivyo hivyo: donge lisilo na kichachushio, muhuri wa mbao uliochongwa ua, bonyeza, poza, oka. Wajerumani nao wana biskuti za kubonyeza kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, kwa hiyo hakuna atakayesema si za Krismasi.

Baada ya hapo ni kopo. Mkate ukichacha unakauka, biskuti ikichacha inalainika, maana ni kavu kuliko hewa inayoizunguka na inanyonya maji. Funga kwenye kopo lisiloingiza hewa mara tu aisingi inapokuwa kavu hadi ndani, si uso tu, na tenganisha tabaka kwa karatasi. Biskuti isiyopambwa ikilainika, irudishe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa dakika chache, itapata tena ukavu ikipoa. Iliyopambwa haina marejeo.

Kwa wanaouza kwa oda: kinachoua biskuti iliyovuka hatua zote tatu ni sanduku la bodaboda lililoegeshwa juani Mwenge wakati dereva anatafuta namba ya nyumba. Ndani ya sanduku hilo jeusi siagi inayeyuka bila oveni. Tuma kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, panga biskuti zikisimama kwa ubavu na karatasi katikati, na mwambie mteja kwa maandishi, "Dada, usiziweke kwenye friji." Ataziweka tu, akidhani anakusaidia, bora ujumbe uwepo kwenye simu yake.